Gitaa la Kang'ethe Lisilofanana na Jingine

Kang'ethe wa Kimbo alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na ikabaki ya kugawia mtaa mzima. Waliopenda muziki wa benga aliwaona washamba. Waliopenda lingala aliwaona wajinga wanaokatikia maneno wasiyoyaelewa, ingawa yeye mwenyewe hakuelewa hata nusu ya yale yaliyongurumwa kwenye kaseti zake. Wanakwaya aliwaonea huruma tu, na huruma ya Kang'ethe ilikuwa mbaya kuliko matusi yake. Mchana alisimamia mashine ya kufuma katika kiwanda cha nguo kule Thika, kwenye Eneo la Viwanda. Jioni alirudi Ruiru, mtaa wa Kimbo, kwenye chumba chake cha kupanga, akavua ovaroli, akavaa fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa, akawa mtu mwingine kabisa. Angalau ndivyo alivyoamini. Majirani waliona ni Kang'ethe yuleyule, ila sasa amevaa fulana inayohitaji kufuliwa.

Muziki wake ulikuwa rock nzito, ile ambayo wenyewe wanaiita metali. Ugonjwa huo ulimshika mwaka wa tisini na mbili, binamu yake alipokuja likizo kutoka Amerika na mfuko wa kaseti na gitaa la umeme. Binamu alikuwa ameshachoka na vyote viwili, akamwachia. Tangu siku hiyo Kang'ethe hakushikika. Gitaa lenyewe lilikuwa jeusi tititi, lenye pembe mbili zilizochongoka ungedhani ni la kuchomea mishikaki, na kichwani lilikuwa na jina lililoandikwa kwa herufi za miiba: Draken. Kang'ethe alilitaja jina hilo polepole, akishusha sauti, na ukimkatiza alianza upya.

"Hii si gitaa ya kawaida," aliwaambia watu ambao hawakuwa wamemuuliza lolote. "Draken ni Draken. Hakuna ingine kama hii."

Zilikuwepo. Zilikuwepo chungu nzima. Pale Thika kulikuwa na mtu aliyeuza vitabu na magazeti makuukuu kando ya barabara, na kwake Kang'ethe alinunua magazeti ya magitaa yaliyokwisha kusomwa ng'ambo yakachakaa. Ukiyafungua ukurasa baada ya ukurasa unakuta kitu kilekile kimepigwa picha upya. Kila kampuni ina gitaa jeusi. Kila gitaa jeusi lina pembe. Kila lenye pembe lina sumaku mbili nene za kunasia sauti, lina shingo nyembamba ya kukimbizia vidole, na lina kile chuma cha kuyumbisha nyuzi ili zilie kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Halafu kila kampuni inaapa kwamba lake ndilo la wanaume wa kweli na hayo mengine yanaiga. Likate kichwa mahali penye jina, na hata aliyelitengeneza atababaika. Lakini Kang'ethe alikuwa akisoma matangazo hayo jinsi watu wengine wanavyosoma Zaburi, akayashika kwa moyo, na akakusomea usipokimbia.

Wala hakuwa peke yake katika upuuzi huo. Kulikuwa na Eddie, mtoto wa mwenye bucha pale Ruiru, kijana wa nywele ndefu na maneno mengi, ambaye alikuwa na gitaa aina ya Korvas. Korvas nalo lilikuwa jeusi na lina pembe, ila pembe zake zilipinda kidogo kwa ndani. Kupinda huko ndiko kulikokuwa msingi wa falsafa yote ya Eddie. Wawili hao walianzisha bendi, wakafanyia mazoezi stoo ya nyuma ya bucha mpaka wateja wakaanza kununua nyama kwingine. Walipiga mbele ya watu mara moja tu, kwenye ukumbi wa kijamii wa Thika, na wimbo wa kwanza ulipokwisha walikuwa wamebaki mtunza ukumbi na mlevi mmoja aliyelala.

Mtu mwenye akili angejiuliza kama nyimbo zenyewe zilikuwa na kasoro. Wao walilaumu magitaa. Kang'ethe alisema Korvas inalia kama mabati ya kuezekea choo. Eddie alisema Draken ni mashine ya posho iliyotiwa nyuzi. Bendi ikafa hapohapo, na kwa zaidi ya miaka miwili watu hao wazima wenye ndevu walipishana barabarani Ruiru bila hata salamu ya "sasa".

Aliyemvumilia Kang'ethe katika miaka hiyo yote alikuwa Wakonyo, mchumba wake. Alikuwa fundi wa cherehani, akishona sare za shule kwenye duka dogo la Kimbo, na Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani. Rafiki zake walimuuliza anampendea nini mtu huyo, na mara nyingine alijiuliza mwenyewe. Jibu alikuwa nalo ila aliona haya kulisema. Stima zilikuwa zikipotea mara kwa mara, na zikipotea amplifaya ya Kang'ethe ilinyamaza. Hapo alikaa kwenye kizingiti akapiga gitaa lake hivyohivyo bila umeme, na sauti ilitoka ndogo na safi hata ikabidi umsogelee ndipo uisikie. Wakonyo alimsogelea. Alimpenda Kang'ethe huyo kwa moyo wake wote.

"Hiyo tu ukipiga watu watakuja," alimwambia siku moja.

"Hiyo? Hiyo si muziki. Hiyo ni kupasha vidole." Akacheka kwa pua. "Nyinyi watu wa kwaya hamwezi jua. Nyimbo zenu zote ni moja, mnabadilisha tu maneno."

Wakonyo alikuwa na mazoea mabaya ya kumeza maneno ya namna hiyo, akidhani kwamba mtu akimezewa vya kutosha atashiba.

Kisha likatokea lile jambo la Idarous. Idarous alikuwa fundi wa redio mjini Thika, Mwislamu mpole mwenye kibanda karibu na msikiti, na katika eneo lote ni yeye tu aliyekubali kugusa matumbo ya gitaa la umeme. Jumamosi moja Kang'ethe alimpelekea Draken lililokuwa likikoroma. Siku hiyohiyo, pasipo mmoja kujua habari za mwenzake, Eddie alikuwa amempelekea Korvas lililokuwa likikoroma vilevile. Idarous aliyafungua yote mawili kwenye meza moja, akazing'oa sumaku azisafishe, zile za Eddie akazitia alama ya rangi ya kucha ya mkewe Zahra, asije akazichanganya. Stima zikapotea. Akaenda kuswali, akarudi, akazirudisha kwa kupapasa gizani. Za Draken akazitia kwenye Korvas, na za Korvas kwenye Draken.

Nusu mwaka mzima ukapita. Kang'ethe alipiga gitaa lenye moyo wa adui yake, na hakuwahi kulisifu kama alivyolisifu miezi hiyo.

"Umesikia hiyo noti?" alimuuliza Wakonyo, macho yamefumbwa kwa raha. "Hiyo Korvas haiwezi toa. Hata ufanye nini."

Eddie naye alikuwa kwao akisema maneno hayohayo kinyumenyume. Ikawa hivyo mpaka waya mmoja wa Korvas ukakatika na Eddie akalirudisha kwa fundi. Idarous alilifungua, akatafuta alama ya rangi ya kucha, hakuiona. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu ukamtia katika matatizo: akawaita wote wawili, Kang'ethe aje na Draken lake.

"Ndugu zangu, nimewakosea," alisema, akawaeleza.

Eddie akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kreti la soda na kujifuta machozi. "Ngai! Miezi sita, Kang'ethe! Na vile nilikuwa nasema hii kitu imekomaa!"

Kang'ethe hakucheka. "Haiwezekani," alisema. "Ningesikia."

"Hukusikia, kaka," Idarous alimwambia kwa upole.

"Wewe ni fundi wa redio. Utajua nini? Rudisha kila kitu mahali ilikuwa."

Idarous alirudisha. Kang'ethe alichomeka gitaa palepale, akakwaruza nyuzi mara moja, akamtazama Eddie usoni. "Sasa! Skia tofauti!" Hakuna aliyesikia. Eddie alimnyooshea mkono na kumwalika bucha wale nyama, yaishe. Kang'ethe aliuangalia ule mkono, akafunga begi la gitaa, akaenda zake.

Eddie, kwa jinsi alivyopenda maneno, aliisimulia habari hiyo Ruiru nzima. Muigai, kaka yake Wakonyo, aliibeba mpaka kwao, shambani nje kidogo ya Thika, na huko ilichekewa wiki kadhaa, jioni chai ikishamiminwa. Kang'ethe alijua wanacheka. Hakuwachukia kwa hilo, maana kumchukia mtu ni kumpa uzito. Aliwadharau tu zaidi.

Na watu haohao ndio alitakiwa kwenda kuwaomba mke. Mwaka wa tisini na nane, mvua kubwa zilipokwisha, siku ya ruracio ilipangwa, yaani ile siku upande wa mume unapopeleka mahari na kufanya karamu kwa kina bibi harusi. Jioni moja Wakonyo alikuja kwenye chumba cha Kimbo, akakaa kitandani, akaongea kama mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake njiani.

"Nataka kitu moja tu. Siku hiyo watakucheka, hiyo ni kazi yao. Yule shangazi yangu, Tata Nyambura, atakutania hadi uchoke. Wewe usidharau mtu. Siku moja tu, Kang'ethe."

"Mimi hudharau nani?"

Wakonyo alimtazama.

"Sawa," Kang'ethe alisema. "Siku moja."

"Niangalie ukisema. Kwa sababu hiyo ikikushinda, mimi sitakuja kwako kama mke. Nakupenda, lakini sitakuja."

Kang'ethe alimwangalia, akaapa. Na ni haki kusema kwamba siku hiyo alipoapa alikusudia. Alimtaka Wakonyo. Katika vitu vyote duniani, vilikuwa viwili tu ambavyo hakuwa amevitafutia kasoro, naye alikuwa kimojawapo.

Siku ikafika. Kang'ethe alivaa suti ya kuazima. Msemaji wa upande wake alikuwa mjomba wake Ephantus, mzee mnene, bingwa wa kuzunguka na maneno, na walikwenda na mbuzi, mablanketi, kreti za soda na mtungi wa muratina, ile pombe ya kienyeji. Langoni walifungiwa nje na akina mama wakawaimbisha mpaka sauti zikakauka. Kang'ethe aliimba. Kwa meno yaliyoumana, lakini aliimba. Wakonyo alimchungulia kutoka dirishani, roho ikamtulia.

Saa za mchana ukafika wakati wa kumtafuta bibi harusi. Desturi yenyewe ni ya utani. Wanawake kadhaa wanafunikwa leso kuanzia utosini mpaka miguuni, wanasimama mstari bila kusema neno, na bwana harusi anamchagua wake. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, anachagua tena. Kwa kawaida bwana harusi mwenye hekima hujichekesha, huzungukazunguka akishika kidevu, huinama akanusa kama mbwa wa polisi, watu wakafurahi.

Tata Nyambura, shangazi yake Wakonyo, ndiye aliyekuwa ameipanga kazi hiyo, kisha akaingia mwenyewe chini ya leso. Muigai akabaki kuwa mtangazaji.

"Tulieni mwone!" alipaza sauti. "Huyu ni yule mtu wa masikio! Yeye hawezi danganywa!"

Watu wakacheka kabla hata hakijatokea kitu. Kang'ethe alipita mbele ya mstari mara moja tu, haraka, mikono mfukoni. Mchezo wa kitoto, alijiambia. Akatazama chini ya leso, akaviona viatu. Viatu vyeusi vya kufungwa, vyenye kifungo cha shaba pembeni, ambavyo Wakonyo alivivaa kila Jumapili. Hakutaka kujua zaidi. Hakutazama kimo, wala mabega, wala jinsi mwanamke anavyoegemea mguu mmoja akichoka, mambo ambayo angeyajua kama angewahi kuyaangalia. Aliona alama, akanyoosha kidole.

"Ni huyu. Tumalize."

Leso ikafunuliwa. Tata Nyambura, bibi wa miaka sitini na zaidi, mwenye pengo mbele na viatu vya Wakonyo vikimbana vidole, akaanza kucheza ngoma ya mugithi. Vigelegele vikapasua anga. Ephantus mwenyewe alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mume wangu!" Tata alimwambia Kang'ethe, akimshika tai. "Nilijua ni mimi unataka!"

Na Muigai, asiyejua kunyamaza, akapiga kelele kutoka nyuma, "Ni Idarous alikubadilishia!"

Uwanja wote ukalipuka. Wote walikuwa wanaijua hadithi. Mpaka wapishi walitoka jikoni na miko mikononi wakacheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, ni kicheko cha watu wanaompokea mtu kwao, na Ephantus alijaribu kumnong'oneza: cheka, cheka na wewe. Lakini Kang'ethe alikuwa ameanza kuwaka tangu kwenye tai. Aliwatazama watu wale, wazee wa mashamba ya kahawa na akina mama wa kwaya, akaona ati hawa ndio wa kumcheka yeye. Akajitoa mikononi mwa Tata kwa nguvu, karibu amwangushe.

"Wacha ujinga!" alisema. Kisha akawageukia wale waliobaki mstarini, bado wamefunikwa. "Mimi sichagui tena. Nyinyi wote ni sawa tu. Hakuna tofauti. Nipeni yeyote twende tukale."

Aliisema kwa sauti kubwa, na baadaye alidai ilikuwa mzaha. Mtu aliyeshinda miaka akiapa kwamba vipande viwili vya mbao nyeusi havifanani hata kidogo alisimama mchana kweupe mbele ya wanawake, mmoja wao akiwa mchumba wake, akasema hawana tofauti. Vigelegele vilikatika. Tata Nyambura aliacha kucheza.

Leso ya mwisho upande wa kulia ikashuka. Wakonyo aliikunja taratibu, akaiweka begani. Miguuni alikuwa na ndara za mpira za shangazi yake. Hakulia. Kang'ethe alipomwona uso alielewa alichokifanya.

"Wakonyo," alisema. "Ni mchezo. Nilikuwa nacheza."

"Ulikuwa unacheza langoni," Wakonyo alimjibu. "Hapa umeongea."

Ephantus akarukia katikati kuokoa jahazi. Alisema jua ni kali, kijana hajala, ulimi umeteleza, upande wao utalipa faini mara mbili na mbuzi mwingine juu yake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyetaka karamu iharibike, na sufuria zilikuwa tayari. Baba yake Wakonyo, mzee asiye na maneno mengi, akasema tuendelee. Mtungi wa muratina ukaletwa mbele, pembe ya kunywea ikajazwa, akapewa yeye.

Kuna swali moja ambalo baba lazima amuulize binti yake hapo, mbele ya pande zote mbili. Pombe hii iliyoletwa na wageni, inywewe au isinywewe? Binti akisema inywewe, ameolewa. Hilo huwa ni la kutimiza desturi tu, maana jibu hujulikana tangu zamani, na wazee huwa wameshaanza kulamba midomo. Mzee aliishika pembe kwa mikono miwili. Alimwangalia binti yake kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Mwanangu," alisema, "tunywe?"

Wakonyo alimtazama Kang'ethe, aliyekuwa amesimama na tai yake iliyopinda, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa na dharau yoyote usoni. Alikuwa anaomba. Alikuwa mzuri alivyoomba. Wakonyo alimpenda hata dakika ile, na hilo ndilo lililomuuma, maana kama angekuwa hampendi dharau yake isingemfikia, angesema ndiyo, akaolewa, akamvumilia.

"Msinywe, Baba," alisema.

Mzee aliimimina pembe yote mtungini, asimwage hata tone, akaufunika mtungi na kuusukuma upande wa wageni. Wakonyo akakaa kwenye nyasi, akavua zile ndara, akamwomba shangazi yake viatu vyake.